Baruti Niliyoimwaga Thelujini

Niliimwaga mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, na nilipokuwa naimwaga nilijiona mwanamume kamili.

Ilikuwa Februari, siku ya tatu tangu baba aanguke jikoni na kikombe cha kahawa mkononi. Mama alikuwa hospitali. Mimi nilibaki na ng'ombe, na nilipomaliza kazi ya zizini nikashuka chumba cha chini ya nyumba, kwenye meza ambayo baba ametengenezea risasi tangu kabla sijazaliwa. Kila kitu kilikuwa kama alivyokiacha. Kalibu ya kusubia, anamomimina madini yaliyoyeyuka, ilining'inia kwenye msumari wake. Chungu cha kuyeyushia madini kilikuwa kimepoa na utando wa kijivu juu. Risasi alizozisubu wiki ile, sitini, zilisimama kwenye ubao wenye vishimo, kila moja mahali pake kwa mpangilio zilivyotoka kwenye kalibu. Baba huzipiga kwa mpangilio huohuo. Iliyotoka ya kumi na saba inapigwa ya kumi na saba. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia kalibu hupata joto polepole, kwa hiyo jirani na jirani hufanana, na wanaofanana huenda mahali pamoja.

Juu ya meza, kwenye kipimio, kulikuwa na baruti. Kipimio ni chombo cha chuma chenye kikombe juu na mpini ubavuni: unajaza kikombe, unavuta mpini, na kiasi ulichokitega kwa skrubu kinadondoka ndani ya ganda la risasi. Kikombe kilikuwa nusu. Hakikuwa na karatasi ya kusema ni baruti gani.

Huku kwetu hata mtoto anajua la kufanya. Baruti isiyo na jina hairudishwi kwenye kopo wala haitumiwi. Inamwagwa nje. Kwenye rafu yalikuwapo makopo matano, na baruti zote tano ni punje nyeusi zinazofanana. Greni kumi na tatu za moja, uzito usiofika gramu, zinapeleka risasi yadi mia mbili kwa upole. Greni nyingi kuliko hizo za nyingine zinaipasua bunduki yetu, iliyotengenezwa mwaka 1893, na uso wako uko hapohapo nyuma yake. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilirudisha baruti ya kikombe kwenye kopo nililodhani ndilo. Baba alinizaba kofi, moja tu maishani mwangu, kisha akaenda kumwaga kopo zima kwenye maua ya mama.

Basi nikachukua kikombe, nikapanda ngazi, nikafungua mlango wa nyuma, nikamwaga. Lilibaki doa jeusi juu ya theluji. Nikarudi, nikaifungua skrubu hadi mwisho, nikakisafisha kipimio kwa mswaki, nikakipaka mafuta na kukifunika. Nikasema: akirudi atakuta mwanawe anajua kazi.

Sikujua kwamba nimefuta kitu pekee kilichokuwa kinakumbuka.

Kwa sababu Delbert Amacher, baba yangu, bingwa wa kilabu chetu cha kulenga shabaha mara kumi na tisa, hakuwahi kuandika kipimo chake popote. Si kwenye ukuta, si kwenye kisanduku cha maganda. Wengine wanaandika hadi hali ya hewa. Yeye alisema mtu anayeandika amejipa ruhusa ya kusahau. Baruti gani na greni ngapi, aliviweka kichwani, na kichwa kikaviacha kwenye kile kikombe na ile skrubu.

* * *

Aprili walimrudisha. Mkono wa kulia ulilala pajani kama wa mtu mwingine. Maneno yalikuwa yanarudi moja moja, mengine yakiwa yamevaa nguo za wenzake: kijiko alikiita mlango, mama alimwita Jumatano. Nambari ndizo zilizoharibika kuliko vyote.

Mtaalamu wa kumfundisha kusema alikuja nyumbani, dada mmoja mpole mwenye viatu vya mpira.

"Delbert, mna ng'ombe wangapi?"

"Saba," akasema baba.

Tuna arobaini na mmoja.

"Una hakika?"

Baba akanitazama mimi, kama anayesema: huyu mmemtoa wapi, haelewi hata jibu rahisi?

Alipokuwa anaondoka, yule dada alinisimamisha varandani. "Usibishane naye," aliniambia. "Kichwani anasikia nambari iliyo sahihi. Inayotoka ni nyingine. Na yeye hajui kwamba ni nyingine."

"Itarudi lini?"

Akafunga zipu ya koti lake, akasema barabara ina barafu, aondoke mapema.

Siku iliyofuata baba alianza kuonyesha mlango wa ngazi. Alionyesha asubuhi, alionyesha mchana, hadi nikampigia simu Mjomba Virgil. Virgil Zweifel si ndugu yetu wa damu. Ni mtu aliyeshindana na baba kwa miaka thelathini, na kila baba alipotwaa ubingwa yeye alishika nafasi ya pili, na katika miaka hiyo hakuna Jumapili aliyokosa kuja kula kwetu.

"Wewe shika miguu, bwana mdogo, mimi nashika kichwa," alisema. "Kichwa chake kizito hiki. Kimejaa siri."

Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Tukamshusha, ngazi kumi na mbili, Virgil akihema na kumtukana njia nzima. Tukamweka mbele ya meza.

Alivuta kitambaa kwa mkono wa kushoto. Akakiona kipimio kinang'aa, kitupu, skrubu imefunguliwa hadi mwisho.

"Wapi?" akauliza.

"Niliimwaga, baba. Haikuwa na karatasi."

Nilingoja kofi, ningelipokea kwa furaha. Badala yake aliinua ule mkono wa kushoto akanipigapiga shavuni taratibu.

"Vizuri," akasema.

Neno hilo lilitoka zima kabisa. Maneno mengine yote yalikuwa yamevunjika, na hilo likatoka zima.

"Baba, ilikuwa kopo lipi?"

Akaonyesha kopo jekundu.

Kopo jekundu ni baruti ya bastola, kali, inawaka mara moja.

"Greni ngapi?" nikauliza.

"Ishirini na sita."

"Del," Virgil akasema, "unataka tumzike huyu mtoto na bunduki mkononi?"

Baba akamtazama kama mtu anayemtazama ndama aliyeingia jikoni. "Tisa," akasema.

"Umesema ishirini na sita."

"Ndiyo!" Akapiga meza. "Tisa!"

Kwake ilikuwa nambari moja. Alikuwa ameisema mara mbili, polepole, kwa watu wawili wenye masikio, na wote wawili walikuwa wamekodoa macho.

* * *

Sikukubali. Mimi si mtu wa kukubali. Mwalimu wangu wa darasa la tano alimwandikia mama barua kuhusu jambo hilo. Nilijiambia nambari iko mle ndani na nitaitoa.

Nilimsomea nambari moja moja, kuanzia saba, nusu kwa nusu, nikimtazama usoni. Aliitikia kwa kumi na mbili. Aliitikia kwa kumi na nne na nusu. Kwa kumi na nane aliitikia kwa nguvu zaidi. Nikampa kalamu, akaandika kwa mkono wa kushoto kitu kama nne iliyolala. Nikabadilisha makopo mahali, na safari hii akaonyesha la kijani, kwa sababu la kijani sasa lilikuwa kushoto kabisa, na alichokuwa anakiona vizuri ni cha kushoto tu.

Kisha nikafikiria mkono. Ulimi umesahau, nilijiambia, lakini mkono hausahau. Nikakiweka kipimio mbele yake na kumwongoza vidole hadi kwenye skrubu. Aliizungusha taratibu, akasimama, akarudisha kidogo tu, unene wa unywele, akaiacha. Akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa itikio lake la zamani, la fundi aliyemaliza.

Nikajaza kikombe baruti ya polepole, nikavuta mpini, nikapima kwenye mizani. Greni kumi na tatu na nukta nne.

Nilipanda ngazi mbili mbili. "Mama! Tumeipata!" Mama alikuwa anakanda mkate, alinikumbatia na unga mikononi, nikabaki na alama za mikono yake mgongoni mwa shati langu siku nzima.

Lakini baba alinifundisha kupima mara mbili. Kesho yake nikaifungua skrubu, nikamwomba aitege tena. Akaizungusha, akasimama, akarudisha unene wa unywele, akaitikia. Greni kumi na tisa na nukta mbili. Siku ya tatu, saba. Lile itikio lilikuwa lilelile kila mara, halikupungua hata kidogo.

Sikumwambia mama. Aliuliza siku nne mfululizo, kisha akaacha kuuliza.

Nilimfuata Virgil kwake, nikamkuta amelala chini ya trekta.

"Mjomba, lazima aliwahi kukwambia."

"Aliniambia." Sauti ilitoka chini ya injini. "Mwaka themanini na tisa aliniambia kumi na moja. Nikajaza kumi na moja, risasi zikatawanyika kama kuku walioona mbwa. Mwaka uliofuata akaniambia kumi na tano na robo, akaapa kwa kaburi la mama yake. Mama yake alikuwa hai, anatukaangia viazi pale pale."

"Na wewe ulijaza?"

"Nilijaza! Nipitishie spana hiyo. Miaka thelathini nimemuomba na miaka thelathini amenicheka. Nilikuwa nasubiri tuzeeke, aone haya, aniambie." Spana ikagonga chuma. "Sasa hivi ndiyo anataka kuniambia, mpumbavu huyu. Sasa hivi."

Ningeweza kutafuta kipimo changu mwenyewe? Kila mpigaji huanza hivyo: unaanzia chini, unapanda nusu greni, risasi kumi kwa kila hatua, na baada ya miaka miwili mitatu bunduki inakuambia inachopenda. Lakini mimi sikuwa nahitaji kipimo changu. Daktari alisema kiharusi cha pili huwa hakikawii. Na baba kila asubuhi alipigapiga kalenda ya jikoni kwa kidole, ukurasa wa Septemba, kisha akaonyesha bunduki ukutani, kisha akanionyesha mimi. Alitaka kuiona ikipiga kama alivyoiacha, mara moja, kwenye mashindano ya kufunga msimu. Hakuomba kitu kingine mwaka ule. Na mimi, ng'ombe akizaa kinyume namgeuza, trekta ikifa naifufua, nilishindwa kumpa nambari moja yenye tarakimu tatu.

* * *

Septemba ikafika. Uwanja wetu uko nyuma ya kilabu, kati ya shamba la mahindi na msitu wa mialoni. Vibendera vya kuonyesha upepo vimepangwa hadi kwenye shabaha, yadi mia mbili. Kulikuwa na soseji juu ya makaa, kabichi chachu, saladi ya viazi, bia. Mama alimfunga baba vifungo vya koti la kilabu, lenye beji zake kumi na tisa, akaenda kusaidia kwenye makaa ili asione.

"Del!" mzee mmoja aliita. "Naona umeajiri dereva!"

"Dereva mzuri," mwingine akajibu, "ila leo hana ramani."

Walicheka, na mimi nikacheka. Ndivyo tunavyoongea. Nikakisukuma kiti cha magurudumu cha baba hadi karibu na meza yangu, upande wa kulia, nikamtegea darubini yake mbele ya jicho.

Nilikuwa nimejaza kipimio baruti ya kopo la bluu, ya polepole, greni kumi na moja. Haitapasua kitu. Karatasi nilibandika, herufi kubwa. Ubao wa risasi zake niliuweka mbele yangu.

Sisi hatuji na maganda kumi yaliyojazwa nyumbani. Tunakuja na ganda moja. Unapiga, unalitoa likiwa bado vuguvugu, unaliwekea fataki mpya ya kuwashia baruti, unalijaza baruti palepale mezani, unaisukuma risasi kwenye mtutu kwa mkono, unaliingiza ganda nyuma yake, unapiga tena. Ganda moja, bunduki moja, vimeoana, hulibadilishi katikati. Risasi kumi, dakika thelathini, kisha filimbi.

Risasi ya kwanza ilikaa karibu na kitovu cha shabaha. Moyo ukaniruka. Ya pili ikaenda chini kushoto. Ya tatu juu. Ya nne karibu itoke kwenye karatasi. Upepo ulikuwa umelala. Hakukuwa na wa kumlaumu.

Baba aliondoa jicho kwenye darubini. Alikuwa amejua tangu mlio wa kwanza. Mlio ule haukuwa wake.

"Ishirini na sita," akasema.

"Ndiyo, baba."

Nikavuta mpini. Akasikia baruti ikidondoka, akaangalia skrubu, ambayo sikuigusa. Nikapiga ya tano. Mbali, kulia.

"Ishirini na sita!" Sauti ikafika meza zote. Ilikuwa sauti aliyoniitia zizini tangu utotoni, sauti isiyorudiwa. Watu wakaacha kutafuna.

"Mwambie ndiyo tu, kijana," mzee wa meza ya jirani akaninong'oneza.

"Nimemwambia ndiyo!"

"Basi mwambie tena."

"Ndiyo, baba. Ishirini na sita."

Baba akatazama kipimio, akatazama mkono wangu ulio mbali na skrubu, akanitazama mimi.

"Mwongo," akasema.

Lilitoka zima, kama lile la kwanza.

Nililitoa ganda, nikaliweka mezani nichukue fataki. Mkono wake wa kushoto ukaja na kulichukua. Akalifumba ndani ya ngumi, akaiweka ngumi kifuani, juu ya beji.

"Baba, nipe ganda."

Akaibana ngumi zaidi.

"Del," Virgil akasema kutoka nyuma, "dakika zinakwenda. Mpe kijana ganda."

Baba akatikisa kichwa. Nikapiga magoti, nikaishika ile ngumi kwa mikono yangu miwili. Mimi nanyanyua ndama. Vidole vile vitano ningeweza kuvifungua kimoja kimoja, na kila mtu pale alijua. Niliuhisi mkono wake ndani ya mikono yangu, ukisubiri kuona kama nitafanya.

"Kurt!" Mama alikuwa amesimama kwenye makaa, koleo la soseji mkononi. "Mwache."

Nikamwachia.

"Chukua langu," Virgil akasema, akinisogezea ganda lake, ingawa yeye kuliko wote alijua halitaingia kwenye bunduki yetu. Alilishika mbele yangu muda mrefu, kwa sababu alihitaji kushika kitu.

Nikabaki nimepiga magoti kwenye nyasi. Risasi zilizobaki zilisimama kwenye ubao. Kutoka meza nyingine walianza kupiga tena, mmoja mmoja, kwa staha, kama watu wanaoongea kwa sauti ya chini nyumba ya mgonjwa. Maishani mwangu sijawahi kuondoka kwenye ugomvi kabla haujaisha, na hapa hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Alikuwa sahihi. Kichwani mwake aliniambia ukweli mara mia, kwa jina na kwa nambari, siri aliyoificha miaka thelathini, na mwanawe wa pekee akamjibu ndiyo na kufanya lake.

Filimbi ikalia. Wenzangu wakasimama kwenda kuangalia shabaha zao.

Baba aliinama kwenye kiti hadi uso wake ukawa karibu na wangu. Hasira ilikuwa imemtoka. Pale aliponiona chini, na sijui uso wangu ulikuwaje, alirudi kuwa yule mtu aliyenishika mikono nilipokuwa siwezi kubeba kalibu bila kujiunguza.

"Kurt," akasema. "Sikiliza."

"Nasikiliza, baba."

"Thelathini." Akangoja, nyusi juu, nirudie.

"Thelathini."

Akatikisa kichwa. Hapana. Mbona rahisi hivi. Akavuta pumzi, akaiandaa midomo.

"Nne," akasema.

"Nne, baba."

"La." Akanishika bega kwa ngumi ileile iliyofumba ganda, akaniminya, kunipa moyo. Virgil alikuwa amegeuka upande wa mahindi. "Mia na mbili."

"Mia na mbili," nikasema.

Baba akafumba macho kidogo, akatabasamu kwa upande ule mmoja ili nisijione mjinga, akaanza tena.